Amefia mikononi mwa polisi, ripoti inasema moyo ulisimama

Swali: Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 29, alikamatwa jioni akiwa mzima wa afya. Alfajiri tukapigiwa simu: amezidiwa akiwa mahabusu, amefariki akikimbizwa hospitali. Uchunguzi wa maiti ulifanywa na daktari wa serikali, tukapewa ripoti ya ukurasa mmoja. Chanzo cha kifo, moyo kusimama ghafla. Aina ya kifo, cha asili. Ndugu waliomwosha waliona mchubuko kidevuni na kifundo cha mguu kimevimba. Sasa ana wiki tatu kaburini. Daktari huyo watu wanamsifu kwa uaminifu. Je, alituongopea? Na kama hakutuongopea, mbona nafsi yangu haikubali?

Jibu: Dada, poleni sana kwa msiba. Kumpoteza mdogo wako ni mzigo, na kubaki na karatasi isiyoeleza kilichompata ni mzigo juu ya mzigo. Una haki ya kuuliza mpaka ueleweshwe.

Inawezekana kabisa daktari hakuongopa hata kwa neno moja. Ripoti ya kifo cha mtu aliyekuwa mikononi mwa polisi inaweza kuwa ya kweli mstari kwa mstari na bado ikaficha kilichomuua. Katika kazi yetu ya kuchunguza maiti, ripoti za kughushi waziwazi ni chache kuliko watu wanavyodhani. Zilizo nyingi ni zile ambazo daktari aliandika alichokiona, akakifasiri kwa maelezo aliyopewa, na maelezo hayo yalitoka kwa walewale waliokuwa na marehemu alipokata roho. Hapo ndipo penye tatizo, na ndipo nitakapokaa zaidi katika jibu hili.

Kwanza hilo la moyo. Moyo kusimama si chanzo cha kifo. Kila anayekufa moyo wake husimama: aliyekufa kwa malaria, aliyegongwa na gari, aliyekabwa koo. Ni tukio la mwisho, na fomu ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani imepangwa makusudi ili daktari asiishie hapo. Ina mistari inayoshuka. Wa kwanza ni kilichomuua moja kwa moja, wa pili ni kilichosababisha hicho cha kwanza, wa tatu ni kilichosababisha cha pili, mpaka ufike kwenye chanzo cha msingi kilichoanzisha yote. Chini kabisa kuna sehemu ya mambo yaliyochangia bila kuwa chanzo.

Sasa chukua kijana aliyelazwa kifudifudi sakafuni, amefungwa pingu nyuma, watu watatu wamemkalia mgongoni, akaishiwa pumzi, moyo ukasimama. Moyo wenyewe ulikuwa umetanuka kidogo, mwenyewe hajui. Daktari mmoja ataandika: moyo kusimama, kwa sababu ya kukosa hewa, kwa sababu ya kukandamizwa mgongo wakati wa kudhibitiwa, na kule chini, moyo uliotanuka. Daktari mwingine ataandika: moyo kusimama, kwa sababu ya maradhi ya moyo. Basi, ametia sahihi. Maiti ni ileile. Ripoti ya pili haina uongo ndani yake, maana moyo ulisimama kweli na ulikuwa umetanuka kweli. Ila wale watu watatu hawamo tena.

Kipimo tunachotakiwa kukitumia ni rahisi kukitamka: lau asingekamatwa, angekufa usiku ule? Ikiwa jibu ni hapana, basi kilichofanyika baada ya kukamatwa kinapaswa kuwamo kwenye mnyororo wa chanzo, hata kama marehemu alikuwa na maradhi, hata kama alikuwa amelewa. Kijana mwenye moyo dhaifu naye ana haki ya kufikia asubuhi.

Nije kwenye maelezo. Maiti haifiki mochwari peke yake. Inakuja na fomu ya polisi yenye muhtasari wa tukio: nani, amekutwa wapi, saa ngapi, inasadikiwa alikufa vipi. Daktari anaisoma fomu hiyo kabla hajashika kisu, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu mwili peke yake hausemi yote. Watu wengi hudhani uchunguzi wa maiti ni kama kufungua kitabu ambacho jibu limeshaandikwa ndani. Kwa risasi au kisu ni karibu na hivyo. Kwa kukosa hewa si hivyo hata kidogo.

Mtu akikabwa kwa mikono, kwa kawaida tunapata kitu: alama za kucha, damu iliyovilia kwenye misuli ya shingo, pengine mfupa mdogo wa kooni uitwao haioidi umevunjika, vidoadoa vya damu kwenye utando wa macho. Lakini aliyekandamizwa kifua au mgongo, aliyezibwa pumzi kwa mfuko laini, aliyeachwa amelala kifudifudi na pingu mpaka akachoka kuvuta hewa, anaweza kufika mezani bila alama hata moja ya kuelekeza huko. Mapafu mazito yenye maji utayakuta, lakini mapafu ya namna hiyo unayakuta pia kwa waliokufa kwa sababu nyingine nyingi. Kwa hiyo vifo vya aina hiyo vinatambuliwa kwa tukio lenyewe: alilazwa muda gani, nani alimkalia, alilalamika kwamba hawezi kupumua, alinyamaza saa ngapi. Kama fomu inasema tu "alizidiwa ghafla akiwa amelala seli", daktari ataanza kutafuta maradhi. Na mwili wa mtu mzima ukiutafuta maradhi, mara nyingi utayapata.

Tazama yaliyotokea Minneapolis, Marekani, Mei 25, 2020. Taarifa ya kwanza ya polisi ilieleza kwamba mtu mmoja amefariki baada ya kupatwa na tatizo la kiafya wakati polisi wakimshughulikia. Goti la askari lililombana shingoni halikutajwa. Siku nne baadaye, hati ya kwanza ya mashtaka ilisema uchunguzi wa awali wa maiti haukukuta dalili mwilini za kuthibitisha kwamba marehemu alikosa hewa kwa kubanwa au kunyongwa. Ikataja maradhi yake ya moyo na uwezekano wa vilevi. Mtu huyo alikuwa George Floyd. Dunia ilijua kilichotokea kwa sababu binti wa miaka 17 alisimama kando ya barabara na simu yake akarekodi, na mahakamani ikaja kuelezwa kwamba goti lilikaa pale kwa dakika 9 na sekunde 29. Juni 1 ofisi ya uchunguzi wa vifo ya kaunti ilitangaza kwamba kifo kilisababishwa na mtu mwingine, na ikataja kudhibitiwa na kubanwa shingo. Jiulize ripoti ya kifo kile ingesomekaje kama binti yule asingepita njia ile. Seli haina mpita njia.

Kesi iliyo karibu zaidi na yenu ni ya Uturuki. Agit Salman alikuwa dereva wa teksi mjini Adana. Mwezi Aprili 1992 alikamatwa na polisi, na siku iliyofuata akafikishwa hospitali akiwa ameshakufa. Uchunguzi ulikuta mfupa wa kati wa kifua umevunjika, damu imevilia kifuani, mguu wa kushoto umevimba na una michubuko kifundoni. Wataalamu wa serikali wakakubaliana kwamba moyo ulisimama kutokana na maradhi aliyokuwa nayo pamoja na mshtuko wa tukio. Na ule mfupa? Wakasema huenda ulivunjika alipokuwa akikandamizwa kifua ili moyo urudi kupiga. Maelezo hayo yana sura ya ukweli, kwa sababu kukandamiza kifua kunaweza kweli kuvunja mfupa huo.

Mke wake, Behiye Salman, hakukubali. Alifika mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2000 mahakama hiyo ikasema serikali ya Uturuki inawajibika kwa kifo cha mumewe. Mtaalamu aliyesoma majalada upya, Profesa Derrick Pounder, alieleza kwamba damu iliyovilia palepale juu ya mfupa uliovunjika inaashiria pigo la moja kwa moja, na kwamba mguu ule unalingana na mtu aliyechapwa nyayo. Mahakama ikasema pia uchunguzi wenyewe ulikuwa na kasoro: majeraha hayakupigwa picha ipasavyo, na ngozi na nyama ya pale palipovilia damu haikupimwa kwa hadubini ili kujua jeraha lina umri gani.

Katika hukumu ile kuna kanuni ambayo ningependa uishike. Mtu akichukuliwa na polisi akiwa mzima, akafa akiwa chini yao, wenye wajibu wa kueleza ni wao. Familia haina kazi ya kuthibitisha kwamba aliuawa. Itifaki ya Minnesota ya Umoja wa Mataifa, mwongozo wa kuchunguza vifo vinavyotiliwa shaka uliofanyiwa marekebisho mwaka 2016, inachukua msimamo huohuo kwa dunia nzima, na inasema familia iruhusiwe kuwa na mwakilishi wake wakati maiti inachunguzwa.

Sisemi kwamba mdogo wako alichapwa. Mchubuko wa kidevu unaweza kutokana na kuanguka kwa mtu aliyezimia. Unaweza pia kutokana na uso kusukumwa sakafuni. Kifundo kilichovimba kinaweza kuwa kiliteguka wakati wa kukamatwa. Ninachosema ni kwamba alama hizo zilipaswa kuandikwa, kupimwa kwa sentimita, kupigwa picha na kuelezwa. Ripoti isiyozitaja kabisa haijamaliza kazi yake, hata kama jibu lake mwishoni litakuja kuonekana sahihi.

Na kazi hiyo ni ndefu. Uchunguzi wa kawaida wa mtu aliyefia wodini unafungua kichwa, kifua na tumbo. Kwa aliyefia mahabusu hiyo haitoshi. Mgongo lazima uchanwe, maana damu ya maiti iliyolazwa chali hushuka na kutuama mgongoni, na weusi wake unaweza kufunika michubuko yote ya kipigo. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, damu iliyovilia ndani mara nyingi haionekani kwa juu hata chini ya taa kali. Unaikuta ukishachana ngozi. Mapaja, makalio, viganja na nyayo navyo vichanwe, kwa sababu kipigo cha nyayo kinaweza kutoacha alama nje huku nyama ya ndani imejaa damu. Shingo huachwa mwisho, baada ya ubongo na viungo vya kifua kutolewa ili damu ipungue, ndipo inafunguliwa tabaka kwa tabaka, msuli mmoja baada ya mwingine. Ukiifungua mapema damu humwagika kwenye misuli na kuonekana kama alama ya kukabwa, kisha mtu mwingine akipinga atakuwa na hoja. Haya yote yanachukua saa nyingi, na kila hatua inapigwa picha. Ukurasa mmoja hauwezi kuyabeba.

Kazi ya mezani ikiharibika, kuirudisha ni shida. Aprili 1, 2009, Ian Tomlinson alisukumwa na askari akaanguka mjini London wakati wa maandamano, akafa dakika chache baadaye. Hakuwa amekamatwa, lakini kesi yake inafundisha. Daktari wa kwanza, Freddy Patel, alisema ni ugonjwa wa mishipa ya moyo. Ripoti yake ilitaja lita 3 hivi za majimaji ya damu tumboni. Baadaye alibadili maneno, damu ikawa majimaji yaliyochanganyika na damu. Tofauti hiyo ndogo ya maneno ilikuwa kesi nzima, maana lita 3 za damu tupu zinaua, na majimaji yenye damu kidogo ni habari nyingine. Sampuli hakuhifadhi; majimaji yale yalimwagwa. Wataalamu waliochunguza baada yake walisema alikufa kwa kuvuja damu ndani, na mwaka 2011 baraza la mahakama ya uchunguzi wa kifo likaamua kwamba aliuawa kinyume cha sheria. Lakini askari alipofikishwa mbele ya mahakama ya jinai mwaka 2012, aliachiwa huru. Daktari naye mwaka huohuo akafutwa kwenye rejista ya madaktari.

Kisu kikitumika vizuri, maelezo ya uongo huanguka. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alifia mikononi mwa polisi Nairobi, na polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Timu ya wanapatholojia ikiongozwa na Dkt. Bernard Midia ikakuta majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, na majeraha mengi ya nyama sehemu mbalimbali za mwili. Dkt. Midia alieleza kwa lugha nyepesi kwamba mtu anayejigonga ukutani ungetazamia damu ivilie upande wa mbele, lakini ya marehemu ilikuwa usoni, pembeni na kisogoni. Maelezo ya seli hayakupona baada ya hapo. Mkuu wa polisi akaomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya awali, na maafisa wakafikishwa mahakamani.

Kuna njia nyingine ya kuficha ambayo inaniuma zaidi, kwa sababu imevaa koti la kitaalamu: kumpa marehemu ugonjwa. Kuanzia miaka ya 1980, Marekani na kwingineko, madaktari walianza kuandika diliriamu ya msisimko kama chanzo cha kifo. Maana yake, mtu amepagawa ghafla, mara nyingi kwa dawa za kulevya, akapata nguvu zisizo za kawaida, akahema, akafa. Ajabu ni kwamba wenye ugonjwa huo walikuwa wakifa zaidi palepale walipokuwa wamelaliwa na askari. Ilichukua mpaka 2023 kwa chama cha wachunguzi wa vifo cha Marekani kutamka kwamba hakiukubali kuwa chanzo cha kifo, na chuo cha madaktari wa dharura kikaondoa waraka wake wa 2009 uliokuwa ukiunga mkono. California mwaka huohuo ikapiga marufuku kuutumia.

Hasara yake ilionekana Maryland. Mkuu wa zamani wa uchunguzi wa vifo wa jimbo hilo, Dkt. David Fowler, alitoa ushahidi upande wa utetezi katika kesi ya kifo cha Floyd. Madaktari zaidi ya 400 wakaandika barua wakitaka vifo vilivyopita chini ya ofisi yake vipitiwe upya. Vilichaguliwa vifo 87 vya watu waliodhibitiwa kati ya 2003 na 2019, kila kimoja kikapewa wachunguzi watatu wa nje. Matokeo yalitangazwa Mei 2025: katika vifo 36 wote watatu walisema kifo kilisababishwa na mtu mwingine, ilhali ofisi ilikuwa imeviita ajali, vya asili, au visivyojulikana. Hao ni watu 36, na familia zao zilikuwa zimeishi miaka yote hiyo na karatasi kama hii uliyonayo.

Hapo nieleze kidogo kuhusu ile "aina ya kifo". Pale inapotumika, mafungu ni matano: cha asili, ajali, kujiua, kilichosababishwa na mtu mwingine, na kisichojulikana. Daktari akichagua fungu la nne hajamhukumu yeyote. Hajasema kuna kosa la jinai. Amesema tu kwamba matendo ya mtu mwingine yalichangia kifo, na mengine ni kazi ya mwendesha mashtaka na hakimu. Lakini madaktari wengi huliogopa fungu hilo, wanaona kama wanamtia mtu kitanzi, na wanakimbilia "asili" au "haijulikani". Woga huo unaeleweka, lakini matokeo yake ni mabaya: jalada likishaandikwa kifo cha asili, mpelelezi hana cha kupeleleza, na mara nyingi linafungwa siku hiyohiyo.

Woga una sababu zake pia. Daktari anahitaji polisi kwa kazi zake za kila siku, na mahali pengine polisi ndiye bosi wake. Katika kaunti nyingi za California, mkuu wa polisi wa kaunti ndiye pia mkuu wa ofisi ya uchunguzi wa vifo. Mwaka 2017 katika kaunti ya San Joaquin, Dkt. Bennet Omalu na mwenzake walijiuzulu wakimlaumu mkuu huyo kwa kuingilia uamuzi wao kuhusu vifo vilivyohusisha polisi. Yeye alikana, lakini mwaka uliofuata kaunti ikaamua kuzitenganisha ofisi hizo.

Na kisichoandikwa kwenye cheti hakihesabiwi kitaifa. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliolinganisha takwimu rasmi za vifo za Marekani na orodha zilizokusanywa na waandishi na wanaharakati. Kati ya 1980 na 2018, zaidi ya nusu ya vifo vilivyotokana na nguvu za polisi, takriban 17,100 kati ya 30,800, havikuingia kwenye takwimu hizo kama vifo vya polisi. Sababu mojawapo ni nyepesi mno: daktari hakuandika kwamba polisi walihusika, basi karani wa takwimu hakuwa na cha kukipa namba.

Mahakama ya uchunguzi wa kifo nayo inaweza kuukamilisha ufichaji huo. Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, alikufa Septemba 12, 1977 kwa majeraha ya ubongo baada ya kuteswa akiwa kizuizini. Daktari mmoja aliyemwona akiwa hai alikuwa ameandika kwamba hakukuta kasoro yoyote, na hakimu akaamua hakuna wa kulaumiwa. Ahmed Timol, naye mpinzani wa ubaguzi huo, alianguka kutoka ghorofa ya 10 ya kituo cha polisi cha John Vorster Square, Johannesburg, Oktoba 1971, na mwaka 1972 ikaamuliwa alijiua. Lakini jalada la uchunguzi wa maiti yake lilibaki. Mwaka 2017, baada ya mpwa wake kupigania kesi ifunguliwe upya, wanapatholojia walisoma kumbukumbu zilezile za zamani wakaona mifupa ya fuvu na taya iliyovunjika kwa namna isiyoelezwa na kuanguka, majeraha ya kabla. Jaji Billy Mothle akaamua kwamba alisukumwa. Miaka 46 ilikuwa imepita na mwili haukuhitajika. Zilitosha karatasi na picha.

Kwa hiyo, dada, la haraka kwenu si kaburi. Ni karatasi, picha na sampuli, kwa sababu hivyo vina muda wa kutupwa. Wiki hii, wakili wenu au ninyi wenyewe, andikeni hospitali mkiomba ripoti kamili: uzito wa moyo, maelezo ya kila kiungo, mchoro wa mwili, picha, majibu ya maabara, pamoja na ile fomu ya polisi iliyoambatana na maiti. Katika barua hiyohiyo ombeni kwamba damu, mkojo na vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye nta visitupwe. Maabara nyingi husafisha makabati yao kwa ratiba. Kituo cha polisi kiandikieni kihifadhi kitabu cha matukio, orodha ya waliokuwa zamu na picha za kamera, ambazo mara nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku au wiki chache.

Msisahau chumba cha dharura. Muuguzi aliyempokea huenda aliandika saa, joto la mwili, na hali ya viungo. Mwili huanza kukakamaa saa chache baada ya kifo, na taya na shingo hutangulia. Kama aliandika kwamba taya lilikuwa gumu alipofika, basi hakufa akikimbizwa hospitali. Alikuwa amekufa muda mrefu kabla ya gari kuwashwa. Mstari mmoja wa muuguzi wa zamu unaweza kuwa na uzito kuliko ripoti nzima.

Ndugu waliomwosha, kila mmoja na aandike peke yake alichokiona, wapi, ukubwa gani, rangi gani, kisha atie sahihi na tarehe. Wasikae pamoja kuandika, maana maelezo yanayofanana neno kwa neno yatatiliwa shaka. Picha kwenye simu zibaki kwenye simu iliyopiga; ukizituma kwa WhatsApp, nakala hupoteza ubora na taarifa za saa na tarehe. Watafuteni kwa upole waliolala naye seli moja.

Kuhusu kufukua: baada ya wiki tatu moyo na mapafu vitakuwa vimeharibika sana, lakini damu iliyovilia ndani kabisa ya misuli inaweza bado kuonekana, na mifupa haiendi popote. Mbavu, mfupa wa kifua, haioidi na kifundo kile vinaweza kusomeka hata baada ya miaka, kwa eksirei na kwa macho. Kwa hali uliyoeleza, ningeanza na picha na vipande vya nta. Ikionekana picha hazikupigwa na mgongo na shingo havikuchanwa, hapo ombi la kufukua mbele ya mahakama lina uzito, lisicheleweshwe, na daktari mliyemteua ninyi awepo tangu kaburi linapofunguliwa.

Na yule daktari wa serikali aliyeandika ripoti, mwandikieni kwa heshima. Mwulizeni aliambiwa nini kabla hajaanza, alichana sehemu zipi, na kama angejua marehemu alidhibitiwa kwa nguvu angeandika vilevile. Daktari anaruhusiwa kubadili maoni yake. Elijah McClain alipofariki Aurora, Colorado, mwaka 2019, ripoti ya kwanza ilisema chanzo hakijulikani. Mchunguzi alipopata ushahidi ambao hakuwa nao mwanzoni aliirekebisha, na ripoti iliyowekwa wazi mwaka 2022 ikasema alikufa kwa dawa ya usingizi ya ketamini aliyodungwa baada ya kudhibitiwa kwa nguvu. Mwaka uliofuata askari mmoja na wahudumu wawili wa dharura walitiwa hatiani. Kwa hiyo msipeleke barua tupu: ambatanisheni maelezo yaliyotiwa sahihi ya waliomwosha, maana hizo ndizo taarifa ambazo fomu ya polisi haikumpa.